Mabaka ya wavu mguuni mwa kichanga, na paja jembamba kuliko la pili

*"Daktari, nina mtoto wa kike wa wiki 7. Nilijifungua salama huku Njombe, akiwa na kilo 3.1. Tangu azaliwe mguu wake wa kushoto una mistari ya zambarau iliyosukana kama wavu, kuanzia kwenye kinena hadi unyayoni, na kidogo tumboni upande huohuo. Ikifika usawa wa kitovu inakatika. Muuguzi aliniambia ni baridi, nimfunike. Nimemfunika, hadi nikawa naweka jiko la mkaa chumbani usiku, lakini haitoki. Akilia au nikimwogesha inakolea. Sasa nimeona paja la kushoto ni jembamba kuliko la kulia, na juu ya kifundo cha mguu kumetokea kidonda kidogo. Mama mkwe anasema mtoto aliunguzwa tumboni kwa sababu nilikuwa napikia kuni mimba ikiwa kubwa, na anataka achuliwe kwa mafuta ya moto kisha achanjwe chale. Jirani anasema ni saratani ya damu. Je, ni kosa langu? Atatembea? Kuna dawa? Na nikizaa mwingine itakuwaje?"*

Mama, hongera kwa mtoto na pole kwa maneno unayoyasikia nyumbani. Kabla sijafika mguuni nina ombi moja la haraka kuliko yote uliyouliza: jiko la mkaa litoke chumbani leo. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Najua baridi ya Njombe ya mwezi Juni na Julai. Kwa mtoto zinatosha nguo mbili tatu juu ya nyingine, kofia, soksi zisizobana, na kifua chako mwenyewe, ngozi kwa ngozi, mkiwa mmejifunika blanketi moja.

Sasa mguu. Sijamwona mwanao, kwa hiyo ninachokupa ni maelezo ya hali inayofanana sana na uliyoyaandika. Atakayeithibitisha ni daktari atakayemshika. Hali hiyo kitabibu huitwa kutisi mamorata telanjiektatika konjenita. Usijisumbue kulikariri jina hilo. Andika tu herufi CMTC nyuma ya kadi ya kliniki umwonyeshe daktari. Aliyeielezea kwanza ni daktari wa Uholanzi, Cato van Lohuizen, mwaka 1922, na hadi leo visa vilivyoandikwa duniani ni vya kuhesabika kwa mamia. Muuguzi wako huenda hajawahi kuiona, na simlaumu, kwa sababu alichokisema ni kweli kwa watoto wengi sana wanaopita mikononi mwake.

Ngozi hulishwa na mishipa midogo ya ateri, yaani inayoleta damu kutoka moyoni, inayopanda kutoka chini, kila mmoja ukihudumia eneo lake dogo la mviringo. Katikati ya eneo hilo damu hupita kwa kasi ikiwa na oksijeni tele. Pembezoni, maeneo mawili yanapopakana, damu huenda polepole na oksijeni yake imepungua, kwa hiyo rangi yake huwa nzito zaidi. Mtoto mchanga akipigwa na baridi, mishipa hujikaza, damu ya pembezoni huzubaa, na mipaka yote huonekana kwa mara moja juu ya ngozi. Ndipo unapouona wavu. Neva zinazoamuru mishipa ijikaze na kulegea bado hazijakomaa katika umri huu, ndiyo maana watoto wengi wenye afya njema huwa na mistari hiyo wakivuliwa nguo. Lakini kwao hutokea pande zote mbili, mikononi, miguuni na kiwiliwilini, na ukimpa mtoto joto hufutika baada ya dakika chache.

Ya mwanao haifutiki, iko upande mmoja, imekuwepo tangu siku ya kwanza, na imekatika katikati ya tumbo. Ukiyaweka mambo hayo manne pamoja, baridi peke yake haitoshi kuyaeleza. Katika CMTC mishipa yenyewe, yaani kapilari (mishipa myembamba kabisa) na vena ndogo za ngozi (mishipa inayorudisha damu moyoni), imeumbwa mipana kupita kiasi, na joto haliwezi kubadilisha umbile. Baridi na kilio huikoleza tu rangi iliyokuwepo. Pengine ukipitisha kidole taratibu utahisi ngozi imebonyea kidogo kwenye mistari. Hilo nalo ni la kawaida kwa hali hii, ngozi ya hapo huwa nyembamba.

Neno moja kuhusu rangi. Picha nyingi utakazoonyeshwa kwenye simu ni za watoto weupe, mistari ikiwa myekundu au ya waridi. Kwenye ngozi yetu huwa ya zambarau iliyokolea, kahawia au kijivu, na kwa mtoto mweusi sana inaweza kupita bila kuonwa hadi aogeshwe kwenye mwanga wa mchana. Usiichanganye na yale mabaka ya bluu-kijivu ambayo watoto wetu wengi huzaliwa nayo matakoni na kiunoni. Yale ni rangi ya ngozi tu, hayana uhusiano na mishipa, na hupotea yenyewe utotoni.

Hili la kosa lako nitalijibu kwa tarehe, maana maneno matupu ya kukufariji hayatamtosha mama mkwe. Vichipukizi vya miguu ya mtoto hutokeza takribani wiki ya 4 tangu mimba itungwe, na kufikia wiki ya 8 mguu una umbo lake na vidole vyake. Mama wengi wakati huo ndio kwanza wanahesabu siku na kujiuliza kama wana mimba. Moto wa kuni uliokaa nao mimba ikiwa kubwa ulikuta mguu umekwisha kuumbwa zamani. Isitoshe, joto la jiko haliwezi kupenya tumbo lako, mji wa mimba na maji yake likamchagua mtoto mguu mmoja na kumwachia mwingine. Moshi wa kuni una madhara yake kwa mapafu ya mama na uzito wa mtoto, hilo ningeongea naye siku nyingine, lakini wavu huu haukuletwa na moshi.

Tunavyoelewa sasa, chanzo ni badiliko dogo la kinasaba lililotokea katika seli moja ya kiinitete, baada ya mimba kutungwa. Seli zote zilizozaliwa kutoka kwa ile moja zilibeba badiliko hilo, na zilizobaki mwilini hazina. Kwa baadhi ya watoto wenye CMTC badiliko limekutwa kwenye jeni iitwayo GNA11. Ndiyo maana alama huchukua eneo moja na mara nyingi hukoma kwenye mstari wa katikati ya mwili. Na kwa kuwa halikutoka kwenye yai lako wala mbegu za baba yake, mtoto utakayemzaa baadaye ana nafasi ya kuzaliwa salama sawa na mtoto wa mama mwingine yeyote. Kuna hali moja tu inayobadilisha jibu hili; nitaitaja chini.

Jirani wa saratani ya damu mwambie hapana. Saratani ya damu haileti wavu wa kuzaliwa unaokaa mguu mmoja.

Nije kwenye paja, ambalo kwangu ni jambo zito kuliko rangi. Tofauti ya ukubwa wa kiungo ndiyo inayoandamana na CMTC mara nyingi kuliko tatizo lingine lolote, na kwa kawaida huwa kama ulivyoiona wewe: upande wenye alama huwa mwembamba, ingawa wengine wachache upande huo huwa mnene zaidi. Sababu ni ileile. Badiliko lililogusa mishipa liligusa pia mafuta na misuli ya eneo lile, na mara chache mfupa. Ukisoma utakuta asilimia zinazopishana sana kuhusu watoto wangapi wana tatizo la ziada. Mimi sizitegemei, kwa kuwa wanaofikishwa hospitali kubwa na kuandikwa ni wale wenye matatizo, na wenye alama peke yake hubaki nyumbani. Linalokubaliwa na wengi ni kwamba tofauti hiyo kwa kawaida huwa ndogo, huwa ya unene kuliko urefu, na mtoto akikua haiongezeki kupita kiasi cha ukuaji wake.

Lakini "kwa kawaida" si "lazima", kwa hiyo pima. Jicho la mama mwenye hofu huona paja likisinyaa kila asubuhi, na jicho la baba anayetaka kutuliza mambo haoni kitu. Wote wawili hawafai kuwa kipimo. Chukua futi ya fundi cherehani. Mtoto akiwa ameshiba na ametulia, mlaze chali, nyoosha mguu bila kuulazimisha. Pima mzunguko wa paja sentimita 5 juu ya ukingo wa juu wa goti, kisha mzunguko wa shavu la mguu mahali lilipo nene zaidi. Fanya hivyo miguu yote miwili, mara moja kwa mwezi, apime mtu yuleyule, uandike na tarehe. Tofauti ya nusu sentimita kati ya mwezi na mwezi inaweza kuwa kosa la kupimia tu. Ukiona pengo linapanuka miezi mitatu mfululizo, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Piga na picha kwenye mwanga wa mchana, mahali pamoja kila mara. Picha hizo ziishie kwenye simu yako na kwa daktari. Kwenye magrupu ya WhatsApp utapata ushauri wa watu mia na mganga mmoja wa kila mkoa.

Kwa urefu, mkunje magoti mtoto akiwa chali, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga kitanda sawasawa, utazame kama magoti yako usawa mmoja. Goti moja likiwa chini, sababu inaweza kuwa ufupi wa mfupa, lakini inaweza pia kuwa nyonga iliyochomoka, tatizo jingine kabisa ambalo likigunduliwa miezi ya mwanzo hutibika bila kisu. Daktari akipima mguu bila kugusa nyonga, mkumbushe kwa adabu. Nyonga za namna hiyo ni nadra kwa watoto wa Kiafrika, na wataalamu wengi wanaamini sababu mojawapo ni kubebwa mgongoni, mapaja yakiwa yametanuka kumzunguka mama. Kwa hiyo endelea kumbeba kwa kanga kama kawaida, ukihakikisha tu kidonda hakisuguliwi.

Daktari atakayemwona atakuwa na kazi ya kutofautisha hali hii na ndugu zake, na ni vyema ujue anatafuta nini. Ataweka mgongo wa mkono kwenye kila mguu kulinganisha joto. Mguu wenye alama ukiwa wa moto kuliko mwenzake, unadundadunda, au unasikika mvumo kwa kipimo cha masikio, huenda ateri imeungana na vena bila kupitia kapilari. Hiyo huitwa hali ya Parkes Weber na inaweza kuuchosha moyo. Kama mguu ungekuwa mnene na mrefu, una baka tambarare lililotanda na vena zilizovimba, angefikiria Klippel-Trenaunay, iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1900. Huko ndiko kunakohusika soksi za kubana na vipimo vya damu kuganda, na ndiko kunakohusika dawa mpya ya alpelisib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa baadhi ya watoto wenye viungo vinavyokua kupita kiasi kwa sababu ya jeni PIK3CA. Ukiisoma mahali, usiitafute. Haimhusu mwenye mguu mwembamba.

Hali niliyosema nitaitaja ni Adams-Oliver. Hapo mtoto huwa na wavu kama huu, na pia sehemu ya utosi isiyo na ngozi au yenye kovu lisiloota nywele, na vidole vya miguu au mikono vifupi, visivyo na kucha au pungufu. Hii inaweza kurithiwa, na moyo lazima upimwe kwa altrasaundi. Leo ukimwogesha, pitisha mkono kichwani chote na uhesabu vidole na kucha. Ukikuta viko kamili na utosi ni mzima, mashaka yangu hapo yanapungua sana.

Kidonda juu ya kifundo hakinishangazi, maana ngozi nyembamba kwenye mistari huchubuka kirahisi, hasa inaposuguliwa na soksi. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikaushe kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando, funika kwa chachi isiyonata. Usipasue kidonge cha rangi mbili ukamwagia unga wake. Hukausha juu na kuficha usaha chini. Kwa kuwa ana wiki 7 tu, nataka kidonda hicho kionwe na mhudumu wa afya wiki hii, hata kama kinaonekana kidogo.

Kuchua kwa mafuta ya moto hapana kabisa. Ngozi hiyo itaungua upesi kuliko ya kawaida, na hakuna msugo unaoweza kuibadilisha mishipa iliyokwisha kuumbwa. Chale kwa mtoto wa umri huu ni mlango wa pepopunda, homa ya ini na VVU, na juu ya mishipa iliyotanuka zitatoa damu zaidi. Najua si rahisi kumkatalia mama mkwe ndani ya nyumba yake. Baba mtoto ndiye wa kulisema hili, na akitaka anaweza kumsomea mama yake aya hii kama ilivyo. Kama bibi anatamani kumshika mjukuu, apewe kazi ya kumpaka mafuta ya kawaida mguu wa kulia na mwili mwingine, mikono ikiwa laini.

Umeuliza dawa. Kwa rangi yenyewe sina dawa ya kukupa, na nafurahi kusema haihitajiki sana: wavu huu mara nyingi hufifia kadiri mtoto anavyokua, zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili, ngozi inapoongezeka unene. Wengine hubaki na mistari hafifu inayorudi wakati wa baridi. Leza, inayosaidia aina nyingine za mabaka mekundu ya kuzaliwa, kwa CMTC haijaonyesha faida ya kuridhisha, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha madoa. Propranololi ni ya uvimbe wa damu unaoota baada ya kuzaliwa na kukua haraka miezi ya mwanzo, haihusiki hapa. Krimu za steroidi na mkorogo wa aina yoyote zitaifanya ngozi nyembamba iwe nyembamba zaidi.

Kutembea, nategemea atatembea. Watoto huanza kati ya miezi 9 na 18, na wembamba wa paja peke yake hauwazuii. Ikija kuonekana urefu wa miguu unatofautiana, tofauti isiyofika sentimita 2 mtu mzima huishi nayo bila tabu au kwa kuongezewa soli ndani ya kiatu. Ikizidi hapo, madaktari wa mifupa wana njia ya kupunguza kasi ya ukuaji wa mguu mrefu, ambayo hufanywa mtoto akikaribia kubalehe. Uamuzi huo uko mbali sana na leo, ila unategemea vipimo utakavyokuwa umevitunza.

Chanjo asikose hata moja. Kwa mazoea sindano ya pentavalenti huchomwa paja la kushoto. Mwombe muuguzi atumie la kulia. Sindano mbili zinaweza kuchomwa paja moja zikipishana angalau sentimita 2.5.

Kutoka Njombe anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kwa daktari wa watoto na wa mifupa. Kwa ngozi, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992; ni safari ndefu, na kama daktari wa Mbeya hana shaka sioni haja ya kuifunga. Huduma za watoto chini ya miaka 5 kisera ni bure kwenye vituo vya serikali, lakini uliza mapema kuhusu vipimo kabla ya kupanda basi. Macho yake yaangaliwe pia. Alama zinapokuwa usoni karibu na jicho ndipo hatari ya presha ya macho huwa kubwa. Kwa mwanao ni tahadhari tu, ila jicho linaloonekana kubwa kuliko lingine, lenye ukungu, linalotoa machozi au kukimbia mwanga halisubiri miadi.

Usisubiri miadi pia akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha au kupanuka, mguu ukivimba ghafla, ukawa baridi na kupauka au kuwa mweusi, damu ikitoka isikome, akipata degedege, au akinyonya huku anatoka jasho, anahema haraka na uzito hauongezeki. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na kadi yake ya kliniki mkononi.